Mhoji wa Kaloleni

Anayeyaandika maneno haya ndiye huyo huyo ninayesimulia habari zake. Nimemwamuru aandike kila neno kama linavyotoka kinywani mwangu, asilainishe lolote, liwe linamuuma yeye au linanitia aibu mimi. Kuandika sijui. Sikukaa darasani hata siku moja. Lugha yangu ni Kidawida cha milima ya Taita; Kiswahili nilikipata kwa masikio, sokoni na kanisani, na kwa kuwa nilikipata kwa masikio nimekitunza kuliko wengi waliokipata kwa vitabu.

Mjukuu wangu huyu alikuja kwangu hapa Kaloleni, Voi, wakati wa jua kali, akiwa na begi dogo la nguo na begi kubwa la vitabu. Alikuwa amemaliza chuo kikuu Nairobi, na tangu amalize alikuwa akifanya kazi ya kupokea simu za watu wanaolalamikia bima zao. Kazi hiyo ilikuwa imemkondesha. Alichokitaka ni kuajiriwa na kampuni moja ya ushauri. Nikamwuliza hiyo ni kampuni ya kufanya nini. Akanieleza kwamba wenye viwanda, mabenki na hospitali wanapokwama huwaita watu hao, nao huja, huchunguza shida iko wapi, kisha husema la kufanya.

"Yaani mwenye kiwanda anawalipa wageni," nikamwambia, "ili wamwambie jambo ambalo mfagiaji wake angemwambia bure."

"Ndiyo, Nyanya," akanijibu. "Ila mfagiaji haulizwi."

Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kumkataa mara moja. Utaratibu wao ni kwamba aliyekataliwa hungoja mwaka mzima, kisha huruhusiwa kurudi mara moja tu. Akishindwa tena, asirudi. Mwaka wake ulikuwa umetimia, naye alikuwa amebakiwa na wiki tatu. Huko Nairobi alikuwa akiishi chumba kimoja na wasichana wenzake wawili, hapakuwa na mahali pa kutuliza akili. Aliomba likizo kazini, akaja kwangu.

Mahojiano ya kazi hiyo si kama mengine niliyoyasikia. Hawakuulizi ulisoma wapi na unaabudu wapi. Mhoji hukupa shida ya biashara fulani, nawe huitatua pale pale mbele yake, kwa sauti, kwa muda usiozidi ule wa kupika ugali na mboga yake. Wao huiita kesi, ingawa hakuna hakimu wala mshtakiwa. Mjukuu wangu aliniomba ruhusa ya kubandika karatasi za manila kwenye ukuta wa sebule. Nikamkubalia, mradi asiiguse kalenda ya kanisa. Akachora visanduku na mistari inayogawanyika kama mizizi ya muhogo: huku mapato, huku gharama, huku wateja, huku washindani. Kila asubuhi, baada ya kufagia na kuteka maji, alisimama mbele ya karatasi zile akaongea nazo peke yake.

Jirani yangu, mama Mwislamu mwenye asili ya Mombasa ambaye hupika mahamri ya kuuza, alichungulia siku ya tatu akiwa na sahani yake mkononi.

"Bi Mkubwa," akaniita, "mtoto yuasema na ukuta. Mmeshampeleka kwa daktari?"

"Anasoma," nikamwambia.

"Wallahi? Na ukuta wamjibu?"

"Mpaka sasa, hapana."

Nilimlea mimi msichana huyu. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alikwenda Mombasa kufanya kazi katika kiwanda cha kushona nguo, akaniachia mtoto wa miaka minne. Nilikaa naye mpaka alipomaliza kidato cha nne. Sikumlea kwa kubembeleza. Kwetu milimani mtoto akitumwa na mkubwa huenda. Haulizi kwa nini, haulizi kipi, haulizi lini. Kumwuliza mkubwa maana ya neno lake ni kumwambia kwamba hakusema vizuri. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea yeye.

Alipokuwa na miaka sita nilimtuma jikoni, nikiwa na wageni, nikamwambia, "Lete mfuniko." Nilikuwa na sufuria saba za ukubwa tofauti. Hakujua nataka mfuniko upi. Alirudi amekumbatia mifuniko yote saba kifuani, mmoja ukiwa umeng'ang'aniwa kwa kidevu, akasimama mbele yangu bila neno. Wageni walimsifu. Mimi pia nilimsifu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Nikawaambia, "Huyu ana adabu. Hakurudi kuniuliza."

Alikuwa na rafiki wa kike waliyesoma naye, ambaye tayari ameajiriwa na kampuni nyingine ya namna hiyo. Huyo ndiye aliyekuwa akimhoji kwa simu. Wiki ya kwanza walifanya hivyo mara mbili. Kisha rafiki akatumwa Kisumu kikazi, akawa hana nafasi ya kukaa kwenye simu. Alichoweza ni kutuma ujumbe wa sauti tu. Basi mjukuu wangu akaja kuniketia mbele, mikono juu ya magoti.

"Nyanya, itabidi unihoji wewe."

"Mimi? Kwa vyeti gani?"

"Hakuna vyeti. Rafiki yangu atakutumia kesi kwa sauti, kwa Kiswahili. Mimi nitatoka nje nisisikie. Ukishaielewa, utaniita. Kazi yako ni kukaa, kunisikiliza, na kutotabasamu."

"Hayo nimeyafanya miaka sabini," nikamwambia.

Alinifundisha kubonyeza kishale kidogo kwenye simu ili sauti itoke. Nikamtuma uani, nikafunga mlango, nikasikiliza. Sauti ya yule msichana ilinisalimu kwa heshima, kisha ikanipa kesi ya kiwanda cha unga. Kiwanda hicho kinauza unga wa mahindi katika miji mitano, na mauzo yake yameshuka. Mwenyewe anataka kujua afanye nini. Hilo ndilo la kumwambia mjukuu wangu. Kisha yule msichana akaniambia, "Nyanya, kuna mambo matatu utakayoyaficha. Usiyatoe mpaka akuulize." La kwanza, mauzo yameshuka katika mji mmoja tu kati ya mitano. La pili, katika mji huo msambazaji wa zamani ameondoka, amekuja mwingine. La tatu, msambazaji mpya hubeba mifuko mikubwa tu, ilhali watu wa mji huo hununua pakiti ndogo kwenye vibanda.

Nilisikiliza mara mbili, ikanitosha. Kukumbuka si mzigo kwangu. Miaka mingi niliuza mboga, nikabeba kichwani oda za wateja wote, nani anataka kabichi ngapi na siku gani, bila kukosea.

Nikamwita. Nikamwambia habari ya kiwanda kama nilivyoambiwa. Akasema, "Asante," akaandika kichwa cha habari, akaanza. Nakiri kwamba nilivutiwa. Alieleza bei, akaeleza ladha. Akaeleza unga wa kampuni nyingine, matangazo ya redioni, mishahara ya wafanyakazi, bei ya mahindi yatokayo Tanzania, hata tabia ya vijana wa siku hizi kupenda wali. Alijaza karatasi mbili za manila. Muda wote huo nilikaa na mambo yangu matatu mdomoni kama mtu aliyetia tonge la moto na hawezi kulitema mbele ya wageni. Hakuniuliza hata moja.

Alipomaliza, alifunika kalamu. "Nyanya, nimefanyaje?"

"Umesema vizuri. Lakini mambo matatu bado ninayo."

"Mambo gani?"

"Hukuniuliza."

Nikamtolea, moja baada ya jingine. Alikaa kwenye kiti akaziangalia karatasi zake mbili zilizojaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hivyo hivyo ndivyo walivyoniambia mwaka jana. Walisema akili ninayo, lakini nikipewa swali ninaleta kila kitu."

Niliona mifuniko saba na kidevu cha mtoto. Sikumwambia. Nilisimama nikaenda kuchambua mchele, kwa maana mikono yangu ilitaka kazi.

Kuanzia siku hiyo alijua afanye nini; kulifanya ndiko kulikomshinda. Kila asubuhi rafiki yake alileta kesi kwa sauti, ya hospitali yenye foleni ndefu, ya shamba la mkonge, ya kampuni ya mabasi, nami nikaishika na kungoja maswali. Yalikuja, lakini yalikuja yakitambaa. "Samahani, Nyanya, kama si vibaya, naomba kujua..." Macho yake yalikuwa sakafuni. Nikimjibu jambo la kwanza, alisema "Asante sana" akaishia hapo, hata kama jibu langu lilikuwa nusu tu, na kwa maagizo ya rafiki yake mara nyingi lilikuwa nusu. Hakuwahi kusema, "Fafanua." Hakuwahi kuuliza mara ya pili.

Siku moja, ikiwa imebaki wiki moja, alijikaza. Ilikuwa kesi ya mabasi. Nilimwambia kwamba abiria wamepungua tangu barabara ilipotengenezwa. Akainua macho. "Barabara ipi, Nyanya?"

"Nimekwisha kukuambia, barabara!"

Lilinitoka lenyewe, kwa sauti ileile iliyokuwa ikimrudisha jikoni alipokuwa mtoto. Akainamisha kichwa. "Samahani," akasema, akaandika kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote.

Jirani yangu alikuwa amekaa mlangoni akijipepea kwa mfuniko wa ndoo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Bi Mkubwa, mtoto ataulizaje, nawe wamkodolea macho kama askari wa forodha?"

"Mahojiano si mchezo," nikamwambia. "Huko Nairobi watamkodolea zaidi."

"Huko Nairobi ni wageni, wataka nini kwake? Wewe ndiwe uliyemfunga ulimi. Hata mimi, mtu mzima na wajukuu wangu, nikitaka kukuuliza chumvi kwanza nasoma dua."

Mjukuu wangu alificha mdomo kwa mkono. Nilimwambia jirani kwamba mahamri yake yataungua. Akasema hayako jikoni. Nikamwambia aende akayapike basi. Akaenda, akiwa bado anacheka, na siku ile yote sikusema na mtu.

Nitaeleza niliyoyawaza, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya nitende nililolitenda baadaye.

Nilizaliwa juu milimani, katika nyumba yenye wavulana watatu na mimi. Siku ndugu zangu wawili walipopelekwa shule ya misheni nilikuwa nimesimama mlangoni nimembeba mdogo wetu mgongoni. Walikuwa wamepakwa mafuta mpaka magotini. Baba alipita karibu nami, akaniangalia, akaendelea na njia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Sikumwuliza. Baba yangu aliishi mpaka mimi nikawa mtu mzima mwenye mtoto. Tulikula pamoja mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, tuliketi bega kwa bega kwenye mazishi na kwenye mavuno, na swali lile sikulitoa hata siku moja. Watu walinisifu kwa utulivu wangu. Nami nilijisifu. Nilipokuwa mama, nilidai utulivu huo kwa binti yangu, na nilipokuwa nyanya nikaudai kwa huyu. Sasa huyu alikuwa karibu kupoteza kazi aliyoitafuta kwa mwaka mzima, wala si kwa kukosa akili, bali kwa kunitii.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nilikuwa nimelikalia miaka mingi zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia aizime simu.

"Kesi ya leo haitoki Kisumu," nikasema. "Chukua kalamu. Kuna mwanamke muuza mboga. Ni mjane, ana mtoto mmoja wa kike. Mtoto yuko kidato cha pili, shule ya bweni, na anafanya vizuri. Mwanamke anamtoa shuleni, hamrudishi tena. Anawaambia watu kwamba amekosa karo. Tafuta sababu."

Alijua mara moja ninamsema nani. Niliona mkono wake ukisimama juu ya karatasi. Katika familia yetu habari ya binti yangu kuacha shule haikuzungumzwa. Ilijulikana kwamba ilikuwa shida ya karo, na mlango huo ulikuwa umefungwa.

"Nyanya, si lazima..."

"Mhoji amekupa kesi. Muda unakwenda."

Alichora kisanduku kimoja. Kisha akauliza, "Samahani, mwaka huo mvua zilinyesha?"

"Ondoa samahani. Zilinyesha."

"Biashara ya mwanamke huyo ilikuwa imeshuka?"

"Ilikuwa imepanda. Alikuwa akinunua mboga kwa wakulima wa milimani na kuziuza kwa hoteli tatu za mbugani."

Aliacha kuandika. "Basi karo ilikuwapo."

"Hilo si swali."

"Je, karo ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania tairi. Nilidhani angeishia hapo, kama alivyozoea kuishia kwenye jibu la kwanza. Hakuishia.

"Kuna nini kilichobadilika katika biashara mwaka huo?"

"Hoteli moja, ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipata karani mpya wa stoo."

"Karani wa zamani alikuwa akifanyaje?"

"Alikuwa akimtuma dereva, na dereva alikuwa akisema kwa mdomo: Ijumaa lete kabichi kadha, karoti kadha."

"Na yule mpya?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo usiku kucha, na bado lilinikuta sijawa tayari. "Yule mpya alituma karatasi," nikasema.

Mjukuu wangu aliweka kalamu mezani taratibu sana. Aliniangalia usoni. Hakuwahi kuniangalia usoni kwa muda mrefu hivyo. "Mwanamke aliifanya nini karatasi?"

"Aliikunjua mbele ya dereva, akaiangalia kwa muda wa kutosha, akaikunja, akaitia kifuani. Siku ya kupeleka alipeleka walichoagiza wiki iliyotangulia. Gari zima lilirudishwa. Nyanya zilioza juani pale stendi, na watu walipita wakitazama."

"Kisha?"

"Kisha shule zikafungwa, mtoto akaja likizo. Karatasi ya pili ikaja. Mtoto akaisoma. Na ya tatu. Likizo ilipokwisha, mwanamke akasema karo haipo."

"Sokoni hakukuwa na mtu mwingine wa kumsomea?"

"Sokoni walikuwa wengi. Mwenye duka la mbolea alijua kusoma. Dereva mwenyewe alijua kusoma."

"Kwa nini hakuwauliza?"

Nilisema, "Kesi imekwisha."

"Haijaisha," akanijibu, na sauti yake haikutetemeka. "Sijatoa pendekezo. Kesi huisha kwa pendekezo."

"Litoe."

"Pendekezo langu ni kwamba mtoto yule aambiwe. Mpaka leo anaamini alikuwa mzigo kwa mama yake. Ameniambia mwenyewe. Anasema ndiyo maana hakuwahi kuomba chochote tena."

Jambo hilo sikulijua. Miaka yote hiyo binti yangu hakuniomba kitu, nami nilidhani ni adabu.

Nilikwenda jikoni kuangalia maharage, ingawa hayakuwa yamekaribia kuiva. Niliporudi alikuwa amebandua karatasi ile ukutani, ameikunja, na ameiweka kwenye begi lake ili isionwe na jirani. Hatukuongea tena habari hiyo. Lakini siku zilizobaki alinihoji kama mtu anayekamua ng'ombe mbishi. Nilipompa jibu nusu alidai nusu ya pili. Niliponguruma, alingoja ninyamaze, kisha akauliza upya. Mara moja nilikasirika kwelikweli, nikamwambia ananichosha. Akaniambia, "Chukua maji unywe, Nyanya, halafu uniambie mbona wagonjwa wanakuja siku za Jumatatu." Jirani yangu alipiga vigelegele kutoka uani.

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka getini tu. Sipendi kupunga mkono stendi.

Alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Walimhoji watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wawili wa kwanza walikuwa vijana, nao hawakumtisha. Wa tatu alikuwa mzee mwenye mvi, mmoja wa wakuu wa kampuni, mtu wa maneno machache. Alimpa kesi ya kampuni inayouza mbegu, iliyofungua vituo vipya vijijini, na wakulima hawaji. Mjukuu wangu anasema alipomwona mzee yule amekunja uso alijisikia yuko nyumbani. Akamwuliza vituo viko wapi. Mzee akamjibu kwa neno moja. Akamwuliza wakulima hao walikuwa wakinunua wapi kabla ya hapo. Mzee akasema hilo amekwisha kulieleza. Hakuwa amelieleza. Hapo, anasema, ulimi ulitaka kusema samahani, na ulikuwa umekwisha kugusa meno. Akasema, "Nimelisikia la vituo. La wakulima sijalisikia. Naomba unieleze." Mzee akamtazama, akafungua ukurasa mwingine wa karatasi zake, akamsomea. Jibu la kesi nzima lilikuwa humo.

Majibu ya kampuni yalichukua siku tisa. Alikuwa amerudi kwangu kuchukua vitabu vyake. Ilikuwa asubuhi, nikichambua mchicha kwenye ungo, naye akiwa uani anaanika leso zangu. Simu ililia. Alisema, "Ndiyo, ndiye mimi," kisha akasikiliza kwa muda mrefu huku maji ya leso yakimwagika miguuni mwake bila yeye kujua. Alipoingia ndani hakuruka wala hakupiga kelele. Alipiga magoti mbele yangu, akaweka kichwa juu ya ungo, juu ya mchicha wenyewe.

"Wamenichukua, Nyanya."

Nilimwambia asiniharibie mboga. Kisha nikaweka mkono kichwani mwake, nikauacha hapo.

Baadaye alipiga simu Mombasa kumwambia mama yake. Hata mimi niliyekuwa mbali nilisikia kelele za kiwandani, vyerehani vikinguruma na wanawake wakishangilia. Wakaongea, wakacheka, wakalia kidogo. Alipokuwa karibu kuaga aliniangalia. Hakuniuliza kitu kwa mdomo, lakini hakuondoa macho.

Nikanyoosha mkono. Akanipa simu.

"Mama," binti yangu akasema, "Mungu ametukumbuka."

"Toka hapo penye mashine," nikamwambia. "Tafuta mahali pa kukaa."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nina neno la kukuambia kuhusu shule yako. Nitalisema lote. Nikimaliza, uniulize utakalo, nami nitajibu, wala sitakukaripia."

Nilisikia hatua zake, mlango, kisha kimya. Nikalisema lote, tangu karani wa stoo mpaka siku niliyomwambia kwamba karo haipo. Nilipomaliza hakulia, kama nilivyohofia, wala hakukata simu, kama nilivyohofia zaidi. Alivuta pumzi, akaniuliza swali la kwanza. Nikajibu. Akaniuliza la pili. Mjukuu wangu aliinuka, akaenda nje kumalizia kuanika leso, akatufungia mlango.

Maswali ya binti yangu yalikuwa mengi kuliko ya mwanawe, na hakuna hata moja alilolianza kwa samahani.